Bata mzinga wa Sikukuu ya Shukrani: usimchemshe kwanza

SWALI: Naishi na familia yangu Columbus, Ohio. Mume wangu amepewa bata mzinga kazini kwa ajili ya Thanksgiving, wa pauni 14, ameganda kabisa. Mwaka jana tulipewa pia. Nilimchemsha kwanza kama ninavyofanya kuku nyumbani Tanga, halafu nikamtia kwenye oveni mpaka jioni. Kidari kikawa kikavu, wageni wakala pilau, yeye wakamwacha. Mwaka huu tutakuwa watu 12: shemeji zangu, rafiki zetu wawili Waislamu, na majirani Wamarekani. Nimpike vipi? Viungo vyetu vinamfaa? Na sikukuu hii ni ya kidini, au tunakaa tu tukala?

JIBU: Dada yangu, tuanze na kilichokuharibia mwaka jana. Kuku wa kienyeji tunamchemsha kwa sababu ameshakimbia uwanjani siku nyingi, nyama imekomaa, bila kuchemshwa meno hayaiwezi. Huyo uliyepewa bado mtoto. Bata mzinga wa dukani Marekani huchinjwa akiwa na miezi mitatu hadi mitano hivi, kalishwa mahindi na soya, na pa kukimbilia hakupata. Nyama yake ni laini tangu anapotoka kwenye nailoni. Kidari hasa hakina mafuta ya kutosha wala kano za kuyeyuka, kwa hiyo moto ukizidi kinakamuliwa maji yake, na yakishatoka hayarudi hata ukimwagia mchuzi bakuli zima. Wewe ulikiivisha mara mbili, kwenye sufuria na kwenye oveni. Sufuria peke yake ilikwisha kukimaliza.

Paja lina tabia nyingine. Lina kano na mafuta, linataka moto zaidi ndipo lilainike. Ugumu wote wa ndege huyu ni huo: kidari kinataka kutoka mapema, paja linataka kubaki. Ukiona Mmarekani anahangaika jikoni siku hiyo, anahangaika na hilo, hata kama mwenyewe hajui.

Kabla ya viungo, nunua kipimajoto cha nyama, kile chenye sindano. Cha bei ya chini kabisa dukani kinatosha. Wizara ya Kilimo ya Marekani inasema nyama ya ndege imeiva salama inapofika digrii 165 za Farenhaiti, yaani 74 za Selsiasi, na kwa ndege mzima inataka upime sehemu tatu: kidari pale penye unene, ndani ya paja, na kwenye kiungo cha bawa. Usiguse mfupa unapopima, mfupa unadanganya. Pengine bata wako atakuja na kidude cha plastiki kimechomekwa kidarini, kinachoruka juu akiiva. Usikitegemee. Mara nyingi kinaruka wakati kidari kimeshapitiliza.

Sasa barafu, maana wengi wanaharibikiwa hapo kabla hata oveni haijawashwa. Kuyeyusha ndani ya friji kunachukua saa 24 kwa kila pauni nne au tano. Pauni 14 ni siku tatu na nusu. Sikukuu ni Alhamisi, kwa hiyo Jumamosi jioni mtoe kwenye friza umweke friji, rafu ya chini kabisa, ndani ya trei yenye kingo, kwa sababu atavuja, na maji yake hayatakiwi yadondokee saladi. Usimwache juu ya meza ya jikoni usiku kucha. Nje anakuwa amepata joto la kuzalisha vijidudu wakati ndani bado ni barafu. Ukichelewa, kuna njia ya maji baridi: mwache ndani ya nailoni isiyopitisha maji, mzamishe kwenye sinki, badilisha maji kila nusu saa, hesabu nusu saa kwa kila pauni. Kwako ni saa saba, na ukimyeyusha hivyo lazima apikwe mara moja.

Jumatano asubuhi mfungue. Tia mkono tumboni, halafu tia na upande wa shingo chini ya ngozi, maana wanaficha vitu pande zote mbili: shingo, firigisi, moyo na maini, mara nyingi kwenye kimfuko cha karatasi. Watu wengi wamemwoka bata na kimfuko chake humo humo. Shingo, firigisi na moyo viweke kwa ajili ya supu. Maini usiyatie supuni, yanaleta uchungu. Yakaange na kitunguu, ule mwenyewe, ujira wa mpishi.

Najua mkono utakuwasha kumwosha kwa ndimu na chumvi. Sisi sote tumelelewa hivyo. Wataalamu wa afya wa hapa wanakataza kuosha nyama ya ndege chini ya bomba, na sababu yao ni ya kweli: matone yanaruka hadi kwenye vyombo na mboga, yakibeba salmonela, na moto ndio unaoua vijidudu, maji hayaviui. Mkaushe kwa karatasi za jikoni, ndani na nje, mpaka ngozi isiteleze. Ukitaka ndimu, mpake baada ya hapo. Ndimu haijakatazwa, kilichokatazwa ni bomba.

Sasa soma maandishi ya kwenye nailoni. Bata wengi wa bei nafuu wamedungwa maji yenye chumvi kiwandani, na nailoni inasema ni asilimia ngapi ya uzito. Kama hakudungwa, mpake chumvi ya chenga vijiko vikubwa vitatu, ndani, nje na chini ya ngozi ya kidari. Kama una chumvi ya unga tu, nusu ya hapo. Kama amedungwa, punguza tena nusu. Kisha mrudishe friji bila kumfunika mpaka Alhamisi. Chumvi inatoa maji kwanza, halafu yanarudi ndani pamoja nayo, na nyama iliyolowa chumvi hivyo inashika majimaji yake vizuri zaidi kwenye moto. Ngozi nayo inakauka kwa upepo wa friji, ndiyo itakayokuwa kavu na ya kuvunjika mdomoni. Wapo wanaomlowesha kwenye ndoo ya maji ya chumvi. Mimi siipendi njia hiyo: inajaza friji, inachafua jiko, na ngozi inatoka teketeke.

Kabla ya kumpaka chumvi kuna kazi ya mkasi, na hapa ndipo nataka uachane na picha za kwenye matangazo. Mlaze kifudifudi. Kwa mkasi mkubwa wa jikoni kata kando ya uti wa mgongo, kuanzia mkiani hadi shingoni, upande mmoja kisha wa pili, uti utoke mzima. Mgeuze, tandaza miguu nje, weka viganja viwili katikati ya kidari, bonyeza kwa uzito wako mpaka usikie mfupa umelia. Sasa amelala bapa, vile vile kuku wa kuchoma anavyopasuliwa na kutandazwa juu ya wavu kwetu. Mkasi ukigoma kwenye nyonga, tumia kisu kizito, taratibu, na kitambaa kikavu mkononi ili usiteleze.

Faida yake: paja, ambalo kwa bata mzima limejificha chini, sasa limelala wazi kwenye moto, na kidari hakisimami tena juu peke yake kikipigwa joto. Vyote vinafika karibu wakati mmoja. Halafu muda unapungua. Bata mzima wa pauni 14 asiyejazwa kitu tumboni, kwa digrii 325 za Farenhaiti, anataka saa tatu hadi tatu na dakika arobaini na tano. Aliyetandazwa, kwa digrii 425, anaiva kwa saa moja na nusu hivi. Na unabaki na uti wa mgongo wa kutengenezea supu. Kama shemeji zako watasikitika kutoona bata mzima mezani, mwoke mzima kwa digrii 325 na ufunike kidari kwa foili kikianza kupata rangi. Hilo linawezekana, ila mimi nisingelichagua kwa oveni ya nyumba ya kupanga.

Viungo vyetu vinamfaa sana, ila mahali pa kuviweka ni chini ya ngozi. Kitunguu saumu kikikaa juu ya ngozi kwa digrii 425 kitaungua kiwe kichungu kabla kidari hakijapata joto. Asali na nyanya ni hivyo hivyo. Chukua siagi isiyo na chumvi gramu 170, iache ilainike. Kaanga bizari nyembamba kijiko kikubwa kimoja kwenye kikaango kikavu mpaka inukie, isage, changanya na siagi pamoja na punje sita za saumu iliyotwangwa, tangawizi, giligilani kavu, pilipili manga na ganda la limau lililokwaruzwa. Chumvi usiongeze, ameshapata yake. Alhamisi, pitisha vidole kati ya ngozi na kidari polepole bila kuitoboa, fika mpaka mapajani, sukuma siagi humo. Juu ya ngozi paka mafuta ya kupikia tu na paprika kidogo ya kumpa rangi.

Safisha oveni mapema, maana mafuta ya zamani yaliyoganda chini yatafuka moshi, na king'ora cha moshi cha nyumba za kupanga hakina subira. Kwenye trei weka vitunguu vilivyokatwa, karoti na kikombe kimoja cha maji ili mafuta yanayodondoka yasiungue. Juu yake weka wavu, na bata juu ya wavu, miguu ikielekea ndani ya oveni. Maji yakikauka ongeza. Anza kupima dakika ya sitini. Kidari kikisoma 165 na paja likawa 175 hivi, mtoe. Usiseme acha kidogo kwa usalama zaidi, maana hata nje ya oveni joto la ndani linaendelea kupanda. Mwache apumzike dakika 20 hadi 30 bila kumfunika kwa kubana, la sivyo mvuke utailegeza ngozi uliyoihangaikia.

Wakati anapumzika oveni iko tupu, na hiyo ndiyo nafasi ya viazi vitamu na vingine vya kupasha. Wamarekani hupenda pia mkate uliokatwa vipande, ukachanganywa na kitunguu, seleri na supu. Wapo wanaoujaza tumboni mwa bata. Uoke kwenye chombo chake, kwa sababu mkate wa tumboni unanyonya majimaji mabichi na lazima nao ufike 165, na ukiungoja ufike, kidari kimeshakufa.

Supu ifanye Jumatano jioni: uti wa mgongo, shingo, firigisi, kitunguu, karoti, pilipili manga nzima, moto mdogo saa tatu. Vikombe vinne vya supu hiyo vinakupa ule mchuzi mzito wa rangi ya kahawia ambao majirani zako watautafuta mezani kwa macho. Kaanga vijiko vikubwa vinne vya unga wa ngano kwenye vijiko vikubwa vinne vya mafuta yaliyodondoka kwenye trei mpaka ugeuke rangi, halafu mimina supu kidogo kidogo huku unakoroga. Ukimimina yote kwa pupa utapata madonge. Malizia na majimaji ya kwenye trei na uonje chumvi mwishoni kabisa, kwa kuwa ya bata imo humo.

Supu itakayobaki inatengeneza pilau nzuri, lakini hapa fikiria wageni wako Waislamu. Bata wa zawadi kazini, kama nailoni yake haina alama ya halali, usimwite halali, na supu yake ikiingia kwenye pilau, umewaondolea na wali pia. Wapo Waislamu wanaokula nyama iliyochinjwa na Ahlul Kitabu, yaani Wakristo na Wayahudi, na wapo wasiokula. Si kazi yako kuamua, wapigie simu uwaulize. Ningekuwa mimi, ningenunua kuku wawili kwenye bucha ya halali, niwaoke kwenye trei nyingine kwa siagi ile ile, na pilau niipike kwa supu ya mbuzi wa bucha hiyo hiyo. Basmati vikombe vitano vilivyolowekwa, supu vikombe saba na nusu, watu 12 wanashiba kwa kuwa kuna vyakula vingine. Hapo pilau ni ya wote. Bata wa halali wapo Marekani, ila huagizwa mapema na huisha haraka. Kumbuka hilo mwakani. Angalia na vitu vidogo: vile vipande laini vyeupe vya sukari (marshmallow) ambavyo watu huvitandaza juu ya viazi vitamu huwa na jelatini, na jelatini hiyo mara nyingi ni ya nguruwe. Mkate wa kuoka wa jirani unaweza kuwa na soseji ya nguruwe ndani. Andika vikaratasi uviweke mbele ya kila sahani, mtu ajichagulie bila kuuliza mbele ya watu.

Kuhusu sikukuu yenyewe, haina kanisa linaloimiliki. Hadithi wanayofundishwa watoto wako shuleni inatoka Plymouth, Massachusetts, mwaka 1621, ambapo walowezi wa Kiingereza walikula pamoja na Wawampanoag, wenyeji wa pale, baada ya mavuno. Barua ya Edward Winslow, aliyekuwepo, inataja ndege waliowindwa na paa watano walioletwa na wenyeji. Haisemi kama ndege hao walikuwa bata mzinga. Rais Abraham Lincoln ndiye aliyetangaza siku ya taifa zima mwaka 1863, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na sheria ya mwaka 1941 ikaiweka Alhamisi ya nne ya Novemba. Tangu 1970 baadhi ya wenyeji asilia hukutana Plymouth siku hiyo hiyo kuomboleza yaliyofuata baada ya mlo ule, na mtoto wako akikuuliza mwambie na hilo. Mezani, familia nyingi huzunguka kila mtu akitaja jambo analoshukuru. Wengine husali kabla. Wewe ndiye mwenye nyumba, fanya kwa dini yako, mgeni ataitikia au atanyamaza.

Mwaliko nao una adabu yake. Wamarekani wengi hula mlo huu mchana kuelekea jioni, na mara nyingi kila mgeni huja na sahani. Jirani akikuuliza alete nini, usimjibu "hapana, njoo tu", kwa kuwa atakuja mikono mitupu akiwa na haya. Mwambie alete mchuzi wa kranberi, yale matunda madogo mekundu, na kitindamlo cha boga, vitu anavyovijua kuliko wewe. Kranberi ni chachu, zinamkata bata mafuta vile chatine ya ukwaju inavyomkata samaki wa kukaanga, na ukiziweka zote mbili mezani utaona zinavyoshindana. Saa uwape wageni wote ile ile, ila shemeji zako uwatajie saa moja kabla, kwa siri. Bata aliyetoka oveni anaweza kukungoja nusu saa. Saa mbili hawezi.

Bata mkatekate jikoni, si mezani mbele ya watu. Toa miguu kwanza, tenganisha paja na mguu wa chini. Kidari kitoe chote kizima kwa kufuata mfupa wa katikati, kilaze juu ya ubao, ndipo ukikate vipande vya unene wa kidole, kisu kikipita kukingama nyuzi za nyama. Kila kipande kibaki na ukanda wake wa ngozi. Panga kwenye sinia, kidari upande mmoja na paja upande wa pili, maana majirani zako pengine watakimbilia kidari na shemeji zako watakimbilia paja na mabawa, na hakuna wa kugombana. Weka kisamvu, kachumbari na pilipili ya kusaga karibu.

Kisichoisha kisikae mezani zaidi ya saa mbili. Chambua nyama kwenye mifupa, weka friji kwenye vyombo vifupi ili ipoe haraka, na gawia wageni waondoke nayo. Inakaa siku tatu hadi nne; zaidi ya hapo igandishe. Usiipashe kwenye maikrowevu ikiwa tupu, bila mchuzi, utarudia ya mwaka jana. Nyama ya paja ikatekate, itie kwenye vitunguu vilivyokaangwa na bizari, ujaze sambusa. Ya kidari, tengeneza mchuzi wa nazi pembeni na nyanya, pilipili na ndimu, mchuzi uive kabisa peke yake, uzito wake uupende, halafu tia vipande, vichemke na mchuzi mpaka vipate moto hadi ndani, uzime papo hapo.